Smilodon si chui-milia

Wapo wanaomwita Smilodon "chui-milia mwenye meno ya jambia". Jina hilo linapotosha. Mnyama huyu wa Amerika, aliyetoweka miaka 10,000 hivi iliyopita, ni wa ukoo wa paka, lakini tawi lake liliachana na lile la simba, chui na paka wa nyumbani yapata miaka milioni 20 iliyopita. Chui-milia ni ndugu wa karibu wa simba, si wa Smilodon. Hata "meno" ni neno pana mno: zilizorefuka ni chonge mbili za juu, bapa, zenye makali ya msumeno, kubwa kabisa zilikaribia sentimita 28 pamoja na mzizi. Basi walimu na waandishi, tuandike "paka chonge-jambia".