Madirisha ya Pwani: Somo Kutoka kwa Wazee

Ndugu mmoja mstaafu amerithi nyumba ya mawe kule Pangani. Madirisha ya chuma aliyoyatia yameliwa na kutu, na kuta zimepasuka. Huku milimani chuma cha namna hiyo humdumu sana. Fedha yake yatosha mara moja tu. Basi auliza, sasa atie madirisha ya nini? Jibu tulitafute katika historia.

Wazee wa pwani walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, ambazo ni fupi. Kwa hiyo vyumba vilikuwa vyembamba. Katika magofu ya Gedi na Songo Mnara twaona kwamba mwanga na hewa viliingia zaidi kutoka uani kuliko njiani. Katika karne ya 19 biashara ya Unguja ilistawi, na matajiri wakajenga ghorofa zenye madirisha makubwa na roshani. Walitumia mbao ngumu, kama vile msaji ulioletwa kwa jahazi kutoka Bara Hindi, na mvule wa huku kwetu.

Kwa nini mbao? Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi yenye unyevu hukila chuma upesi. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Basi husukuma ukuta hata ukapasuka. Hiyo ndiyo siri ya nyumba ya ndugu yetu. Alumini hustahimili zaidi, lakini ikifungwa kwa skrubu za chuma cha kawaida, huliwa pale zinapogusana. Mbao ngumu nazo zataka kupakwa mafuta au rangi kila mara, na bawaba za shaba.

Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na roshani zake za mbao ni sehemu ya sifa hiyo. Nasi leo hatuna haja ya kungoja jahazi: msaji hupandwa Longuza, Muheza, chini ya milima yetu ya Usambara.

Basi ndugu yetu achague msaji, asisahau bawaba. Rahisi huvunja upishi.

Sasa zungumzeni kikundini: nyumba zenu zilijengwa kwa vitu gani, na kwa nini wazee walivichagua? Kwaherini.