Mbwa Mwenye Jina la Kigeni

Mbwa hajui maana ya jina lake. Yeye hujua sauti tu, na mkono unaoifuata sauti ile, kama umeshika mfupa au umeshika fimbo. Ukimwita Sultani hajivuni. Ukimwita Takataka hanuni. Ajuaye maana ni mwenye kuita na jirani asikiaye, na kwa sababu hiyo jina la mbwa, kwa hakika, ni maneno ambayo watu huambiana wao kwa wao huku wakijifanya wanasema na mnyama. Wabaatombu wa kaskazini ya Benin wamelifahamu jambo hili vizuri, nao wana desturi ya kumpa mbwa jina lililo methali. Mtu aliyekosewa na jirani yake hana haja ya kugombana naye. Humwita mbwa wake kwa sauti kubwa, na mwenye kusikia husikia. Kwetu kazi hiyo hufanywa na kanga.

Mimi sikuyawaza mambo haya hata siku moja, mpaka mbwa jike wa mlinzi wa nyumba tunayokaa Eastleigh, si mbali na Barabara ya Juja, alipozaa, na kilebu mmoja akaangukia mikononi mwangu. Msomaji aliyefika Eastleigh ajua kwamba mtaa ule una lugha nyingi kuliko maduka yake, na maduka yake hayahesabiki. Watoto wa nyumba zote walikusanyika langoni kumpa kilebu jina, na kila mmoja alileta neno la kwao. Mtoto wa Kisomali alisema aitwe Libaax. Mtoto wa Kioromo akasema, la, Leenca. Mwenzake aliyetoka Addis Ababa akataka Anbessa. Mkikuyu akatoa Mũrũthi na Mkamba akatoa Munyambu, wakabishana sana, hata mmoja alipouliza maana ya kila neno ikaonekana kwamba wote wamesema jambo moja, yaani simba. Simba mwenyewe alikuwa amelala juu ya kiatu changu, na tumbo lake limejaa maziwa.

Ndipo kijana mmoja, mcheshi, akasema, “Aitwe Shenzi!” Wote wakacheka. Mlinzi alikuwa amesimama nyuma yao, naye hakucheka. Alikuwa mtu mzima wa makamo, aliyetoka bara mbali kuja kutafuta kazi Nairobi. Watoto walipotawanyika aliniambia kwa upole, “Mwalimu, mimi nimeitwa hivyo mara nyingi. Huyu asiitwe.”

Usiku ule nilianza kutafuta habari za majina ya mbwa, nikaona kwamba nimeingia katika historia ndefu kuliko nilivyodhani.

Mfano ulio wa kale zaidi kati ya niijuayo uko hapa hapa Afrika. Miaka ipatayo 2,100 kabla ya Kristo alitawala katika mji wa Thebes, Misri, mfalme aliyeitwa Intef wa Pili. Kaburini mwake lilisimamishwa jiwe lililochongwa sura yake na sura za mbwa wake, na kila mbwa ameandikiwa jina. Majina yale si ya Kimisri. Ni ya lugha ya watu wa Libya, walio ndugu wa Waberberi wa leo, na mwandishi wa mfalme, kwa kujua kwamba wasomaji wake hawatafahamu, aliandika tafsiri kando ya baadhi yao. Behkai, akasema, maana yake ni swala. Pehtes ni Mweusi. Na mwingine alipewa jina la chungu cha kupikia. Yuko pia Abaqer, na Watuareg wa Sahara wanalo hata sasa neno lililo karibu sana na hilo, ambalo kwao ni mbwa wa kuwinda. Yadhaniwa kwamba mbwa wenyewe, au wafugaji wao, walitoka upande wa magharibi, na majina yakaja pamoja nao. Mfalme angeweza kuyabadili. Hakuna ambaye angemzuia. Aliyaacha kama yalivyokuja, akaamuru yafafanuliwe. Miaka elfu moja baadaye, wezi wa makaburi walipokuwa wengi huko Thebes, wakaguzi wa serikali walipita kaburi kwa kaburi, nao waliandika katika ripoti yao kwamba walimwona mfalme amesimama juu ya jiwe na mbwa aitwaye Behkai yu katikati ya miguu yake. Ripoti ile ipo mpaka leo katika jumba la makumbusho la London, na jiwe, au tuseme nusu yake iliyosalia, lilichimbuliwa na Mfaransa Mariette mwaka 1860, nalo liko Cairo.

Wagiriki hawakupenda maneno marefu kwa mbwa. Xenophon, askari na mwandishi aliyeishi miaka kama 2,400 iliyopita, alitunga kitabu juu ya uwindaji, akashauri kwamba jina liwe fupi ili liitike upesi, kisha akaorodhesha majina 47. Phylax ni mlinzi, Lonche ni mkuki. Ushauri wake ni mwema, nami nilijuta baadaye kwamba sikuufuata.

Karibu na wakati wetu, jina la mbwa lililoenea duniani kwa siku moja ni Laika. Tarehe 3 Novemba 1957 Warusi walimrusha mbwa huyu angani katika chombo chao cha pili, Sputnik 2, naye akawa mnyama wa kwanza kuizunguka dunia, na hakurudi. Alikuwa mbwa wa barabarani, aliyeokotwa Moscow. Laika kwa Kirusi ni mwenye kubweka. Miaka mitatu baadaye, Agosti 1960, Belka na Strelka walikwenda na kurudi salama. Strelka akazaa, na mwaka 1961 Khrushchev akampelekea Rais Kennedy wa Marekani kilebu mmoja. Wakati ule mataifa hayo mawili yalikuwa yakielekezeana mabomu. Kilebu aliitwa Pushinka, yaani kinyweleo chepesi kama kile cha manyoya ya ndege, na Wamarekani hawakumbadilisha jina. Katika nyumba ya Rais, adui mkubwa wa Urusi, waliita kila siku kwa Kirusi.

Na lugha yetu nayo imesafiri. Mwandishi Karen Blixen, aliyekaa Ngong tangu 1914 hata 1931, alimfuga mbawala mchanga akamwita Lulu, kwa Kiswahili, ingawa neno lenyewe sisi tulilichukua kwa Waarabu. Simba ndiye aliyeenda mbali kupita wote. Tangu filamu ya Kimarekani, The Lion King, ya mwaka 1994, mbwa na paka wengi wa nchi za ng'ambo huitwa Simba na watu wasioweza kuuliza maji ya kunywa kwa Kiswahili. (Wako wadhanio kwamba simba wetu na Singh wa Makalasinga ni neno moja, kwa kuwa maana ni ile ile. Sivyo; la kwetu ni la Kibantu, na la kwao ni la Kihindi cha kale.) Katika filamu ile ile mmoja wa mafisi aliitwa Shenzi, na bila shaka ndiko kijana wetu alikolitoa.

Neno hili lataka tulitazame polepole. Katika karne ya 19, misafara ya pembe na ya watumwa ilipokuwa ikitoka Bagamoyo na Mombasa, watu wa pwani walijiita waungwana, na watu wa bara, wasio na dini yao wala desturi za mjini, wakawaita washenzi. Lilikuwa ni neno la kutenga, na aliyekwisha kutengwa ilikuwa rahisi zaidi kumtia minyororo. Neno likafuata misafara mpaka Kongo. Baadaye walowezi wa Kizungu waliliokota, na katika Kiingereza chao cha Kenya likawa neno la kila kitu kibovu: kazi mbaya ilikuwa shenzi, mbwa asiye na nasaba alikuwa shenzi, na mtumishi pia, kama bwana ameamka vibaya.

Sasa, katika misitu ya Kongo wako mbwa wadogo wenye masikio wima na mkia uliojiviringa mgongoni, ambao hawabweki kama wengine, bali hutoa sauti mfano wa mtu aimbaye. Wenyeji waliwafuga tangu zamani kwa uwindaji, wakiwafunga njuga shingoni ili wasikike kichakani. Mwaka 1895 wawili walionyeshwa Uingereza, wakafa upesi kwa maradhi. Mnamo miaka ya 1930 Bibi Olivia Burn alifaulu kuwafikisha wazima, na mwaka 1937 wakaonyeshwa katika maonyesho makubwa ya London kwa jina la Basenji. Basenji ni washenzi, kwa matamshi ya Kongo. Mbwa wa washenzi, ndivyo walivyokuwa wakisema wageni kule, na sehemu ya tusi ikawa jina la heshima vitabuni. Leo mtu wa Ulaya humnunua mbwa huyo kwa fedha nyingi, hutundika cheti cha nasaba yake ukutani, na hajui kwamba cheti kile kimeandikwa neno lililomfanya mlinzi wetu ainamishe uso.

Nilimweleza yule kijana habari hii yote. Alinisikiliza, kisha akauliza, “Basi hata yule fisi alitukanwa?” Nikamwambia ndiyo, hata yeye.

Isidhaniwe kwamba mtaa wetu una haki ya kuwacheka wengine kwa majina yasiyofahamika. Eastleigh uliitwa hivyo mwaka 1921, na kuna mji wa jina hilo kusini mwa Uingereza, ambao jina lake lilichaguliwa mwaka 1868 na mwandishi wa riwaya, Bibi Charlotte Yonge. Alikuwa ametoa fedha za kujengea kanisa, akapewa ruhusa ya kuchagua, naye alipenda tahajia hii kwa kuwa aliiona ya kisasa. Leigh katika Kiingereza cha zamani ni uwanda uliofyekwa msituni. Kwetu hakuna msitu wala uwanda. Watu husema Isili, na mambo yakaendelea.

Tukawa bado hatuna jina. Siku ya nne aliniita mzee mmoja wa Kisomali, muuza tende, ambaye duka lake lilielekeana na lango letu. Mzee huyu hakumgusa mbwa maishani mwake, maana katika madhehebu ya Shafi chombo alicholambwa na mbwa huoshwa mara 7, moja kwa udongo. “Mwalimu,” akasema, “nasikia mnatafuta jina. Huyo haingii dukani kwangu. Lakini yuko mbwa mmoja aliyetajwa kwa wema.”

Akanisimulia habari za vijana waliokimbia dhuluma wakalala pangoni miaka mingi, na mbwa wao akanyosha miguu yake ya mbele kizingitini. Habari hiyo imo katika sura ya 18 ya Korani. Korani haikumtaja mbwa jina. Wafasiri ndio waliosema aliitwa Kitmiri, na zamani katika nchi za Waislamu watu waliandika jina hilo juu ya barua za safari ndefu, ili zifike salama. Kisha mzee alipasua tende, akatoa kokwa, akabandua kwa ukucha kiutando cheupe, chembamba kuliko karatasi. “Hiki pia ni kitmiri,” akasema. “Kitu kidogo kuliko vyote.”

Nilirudi nikamweleza mlinzi, kwa kuwa mama wa kilebu ni wake. Akalitamka jina mara mbili, akasema linafaa, hasa kwa mbwa wa langoni. Watoto nao walikubali, isipokuwa wa Simba.

Xenophon alikuwa na haki. Haikupita wiki mbili jina likakatwa, kwa kuwa ni refu mno kwa mtoto anayekimbia, na sasa mbwa huitwa Kiti. Wageni wakisikia “Kiti! Kiti!” hugeuka kutafuta mahali pa kukaa. Mzee wa tende peke yake huita Kitmiri, kwa ukamilifu, kutoka ng'ambo ya barabara, na mbwa husimamisha masikio lakini havuki.