Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine (SNAL)
Maktaba ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru. Chuo kilianzishwa mwaka 1984. Mwaka 1991 sheria ya Bunge iliipa maktaba hiyo jukumu la pili, kuhudumia kilimo cha nchi nzima. Tasnifu na makala za watafiti huhifadhiwa kidijitali kwa DSpace, programu huria iliyotolewa mwaka 2002 na MIT pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard.

Katika uhifadhi huo, programu ndiyo sehemu rahisi. Kila faili huhitaji maelezo yake: mwandishi, mwaka, mada, muhtasari. Jina la mtafiti mmoja likiandikwa kwa namna mbili, kazi zake hutawanyika, na anayetafuta huambulia nusu tu bila kujua kuna nusu nyingine.

SNAL hukusanya pia machapisho ya Kiswahili kwa ajili ya wakulima. Pengine hayo ndiyo yenye manufaa ya haraka zaidi, kwani tasnifu ya Kiingereza kuhusu mmomonyoko wa udongo wa Uluguru, hata ikipangwa vizuri namna gani, haimfikii kwa urahisi anayelima mboga kwenye miteremko ya Mgeta, katika milima hiyohiyo.