Mjomba Wangu na Sheria ya 1930

Wasee, leo hakuna vichekesho. Wale mnanifuata kwa sababu ya video za stendi ya Isiolo na makanga wa matatu za Meru, mtanisamehe. Hii ni historia, na iko na mtu wa familia yangu ndani yake. Amenipa ruhusa niandike, bora nisimtaje jina.

Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Wengine hudhani nilikuwa natafuta umaarufu. Ukweli ni kwamba karo yangu ilikuwa inatembea kwa miguu minne huko upande wa Garba Tulla. Mjomba, kwa Kiborana abuya, alikuwa akiuza ng'ombe kila muhula. Halafu mvua ikakataa kuanzia mwisho wa 2020, misimu mitano mfululizo, mpaka 2022 ikaisha. Kenya nzima ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Hiyo namba nyinyi mliiona kwa habari. Mimi niliiona kwa mjomba. Aliacha kula vizuri, akaacha kwenda msikitini, mwishowe hata salamu akawa hajibu. Watu wakasema mwanaume ni kujikaza.

Usiku mmoja alijaribu kujitoa uhai. Aliokolewa. Hapo sitaeleza zaidi, na haitamsaidia mtu yeyote kujua. Kitu nataka mjue ni kile tulifanya baadaye. Tukiwa njiani kwenda hospitali, wakubwa walikubaliana sote tuseme ilikuwa ajali. Daktari akauliza, na mimi kijana wa chuo nikajibu, ajali. Mwili wake ukatibiwa, akarudi nyumbani, na hakuna aliyemuuliza chochote kuhusu yale yanayomsumbua rohoni. Angeulizwaje na sisi tumeshadanganya?

Tulikuwa tunaogopa aibu, ndiyo, lakini zaidi tuliogopa polisi. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilisema mtu akijaribu kujiua ametenda kosa, na adhabu yake ilifika kifungo cha miaka 2, faini, au vyote viwili. Kanuni hiyo ililetwa na serikali ya kikoloni mwaka 1930, ikifuata fikra za sheria ya Uingereza. Waingereza wenyewe walifuta kosa hilo kwao mwaka 1961. Sisi tukapata uhuru 1963 na tukaendelea kulitunza kama urithi wa familia.

Na hapa ndipo historia inachekesha vibaya. Serikali ileile ilikuwa na daktari pale Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili Nairobi. Anaitwa J. C. Carothers, na aliiongoza kutoka 1938 hadi 1950. Alipopewa hiyo kazi hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, na ndani yake anasema huzuni ile ya ugonjwa, tunayoita depresheni, ni nadra kwa Waafrika. Ati hatubebi mzigo wa mawazo kama Mzungu. Yaani sheria inakufunga ukivunjika, na daktari anasema wewe si aina ya mtu wa kuvunjika.

Alikuwa anaona wale walioletwa Mathari tu. Mtu aliyenyamaza kijijini nani angempeleka huko? Watafiti Orley na Wing walipoenda kuuliza watu moja kwa moja katika vijiji viwili vya Uganda, wakachapisha matokeo 1979, walikuta depresheni nyingi kuliko ile iliyopatikana kwa wanawake wa kusini mwa London. Lakini maneno ya Carothers yalikuwa yameshahama kitabuni. Leo utayasikia baraza la miraa hapa Bulla Pesa kutoka kwa mzee ambaye hajawahi kumsikia huyo Mzungu: "Hiyo ni ugonjwa ya watu wa Nairobi."

Basi nyanya yangu, tunamwita akko, angecheka. Wale wa Nairobi mnapita Wabera Street kila siku. Daudi Dabasso Wabera alikuwa mkuu wa wilaya wa kwanza Mwafrika hapa Isiolo. Aliuawa Juni 1963 pamoja na Chifu Galma Dido, karibu na Modogashe. Mwisho wa mwaka huo serikali ikatangaza hali ya hatari kwa sababu ya vita vya shifta. Waborana wa Waso wanaita miaka hiyo Gaaf Daba, wakati wa kusimamishwa. Watu walikusanywa katika kambi zenye ulinzi Garba Tulla, Merti na Modogashe. Mifugo ikachukuliwa, mingine ikafa kwa kukosa malisho kwa sababu huruhusiwi kuipeleka mbali. Ngamia walipigwa risasi kwa kuwa walidhaniwa kubebea shifta mizigo. Halafu 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maafisa wasishtakiwe kwa yaliyotendeka miaka hiyo, Isiolo ikiwemo.

Akko alikuwa msichana mdogo. Anasema baada ya vita kulikuwa na wanaume waliokaa mbele ya boma tupu kutwa nzima, wakiangalia mahali mifugo ilikuwa inalala. Wengine hawakuzeeka. Nikimuuliza walikufa na nini, anasema, "Walikufa tu." Nimeuliza mara tatu. Sijui kama hiyo "tu" ni jibu au ni ajali yetu ileile.

Baadaye serikali na mashirika ya misaada wakafungua mashamba ya kumwagilia kando ya Ewaso Nyiro na mito mingine, kama Malka Daka, Gafarsa na Rapsu, ili mfugaji asiye na mifugo awe mkulima. Familia yetu ilipata kipande Malka Daka. Mahindi, vitunguu, kidogo kidogo. Mto ukikauka shamba linakufa kama ng'ombe, na ukifurika unalibeba. Kila mtu alipima hasara kwa magunia na kwa vichwa vya ng'ombe. Sijaona karatasi ya hesabu za ukame iliyo na nafasi ya kuandika kwamba baba wa nyumba ameacha kuongea.

Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitangaza kwamba kifungu cha 226 kinapingana na Katiba. Kesi ilipelekwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu pamoja na Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili na mlalamishi mwingine. Mtu akiwa na hali kama ya mjomba sasa unaweza kumwambia daktari ukweli. Kama ni wewe, laini ya Msalaba Mwekundu ni 1199, bila malipo, lakini usingoje simu kama kuna mtu karibu unayemwamini.

Nilimsomea mjomba habari ile kwa simu, nikiitafsiri. Alinyamaza, halafu akauliza, "Kwa hivyo wakati ule mimi nilikuwa mhalifu?"

Nikamwambia ndiyo, abuya.

"Na nyinyi mlinificha."

Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama hospitali ile bado iko na yule daktari, kwa sababu angetaka kwenda kumwambia haikuwa ajali. Tulienda Jumatatu iliyofuata, na boda, mimi nyuma yake.