Tarehe ya Makali Yakatayo Nyasi

Waandishi wa tarehe ya kilimo wamezoea kulitukuza jembe na plau, na baada ya hayo husifu mbegu, mbolea na rehema ya mvua. Lakini noo, ambalo pasipo hilo mundu ulio mzuri kupita yote hugeuka kipande cha chuma kisichofaa kitu kabla jua halijafika utosini, hulipita kimya, kana kwamba makali huzaliwa pamoja na chuma yakadumu nacho hadi siku ya kuoza kwake. Naona huo ni upungufu usiostahili kuachwa hivi hivi, maana mkata nyasi hapambani na kitu kigumu kama mkata mti, bali hupambana na kitu kisichosimama: unyasi huinama mbele ya chuma, na chuma kilicho butu hupita juu yake, nao ukainuka tena ukiwa mzima. Ili kuukata, ama uujie kwa makali ya wembe, ama uubane baina ya vyuma viwili kwa namna ya mkasi, ama uupige kwa kasi hata usipate wasaa wa kuinama. Na kila mara wanadamu walipohama kutoka njia moja kwenda nyingine, mtu wa kwanza kubadilishiwa kazi yake alikuwa mnoaji.

Habari za kale zilizo wazi juu ya jambo hili tumeachiwa na Pliny wa Roma, yule aliyefariki mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka. Katika kitabu cha 18 cha mkusanyo wake mkubwa wa habari za maumbile anaeleza ya kwamba hapo zamani hapakuwa na noo jema ila lile lililotoka Krete na nchi nyingine za ng'ambo ya bahari, nalo halikunoa pasipo mafuta, kwa hiyo mkata nyasi alikwenda shambani na pembe ya mafuta ameifunga pajani. Kisha Italia yenyewe ikapata manoo yanoayo kwa maji, na ile pembe ya mafuta ikawa haina haja. Mtu aweza kuidharau habari hii akaiona ndogo, lakini mimi naistaajabia, kwa kuwa inatuonyesha dola kubwa iliyotawala bahari yote ya kati ikiagiza mawe kutoka kisiwani ili farasi na ng'ombe wake wapate majani makavu ya kula wakati wa baridi, na tena inatuonyesha kuwa tangu zama hizo kazi ya kukata na kazi ya kunoa zilikuwa mikononi mwa mtu mmoja, saa moja, shambani hapo hapo.

Chombo chenyewe kilikuwa mundu mkubwa wa mpini mrefu, ushikwao kwa mikono miwili na kupitishwa chini kwa chini huku mkataji akijigeuza kiunoni, nao ulitawala mashamba ya majani ya Ulaya mpaka jana tu. Wakataji walipenda kuanza alfajiri, umande ungali juu ya nyasi, kwa sababu unyasi uliolowa ni mzito na hukubali kukatwa. Na kila baada ya dakika chache mtu alisimama, akasimamisha mundu wake, akapitisha noo huku na huku, kisha akaendelea. Walakini noo peke yake halitoshi, kwa maana kila linapopita hula ukingo ulio mwembamba, na baada ya saa kadhaa ukingo unakuwa mnene hata noo haliwezi kuuponya. Na hapo ndipo mafundi wa Ulaya walipofarakana njia. Watu wa milima ya Alps, na hasa wa Austria, walikaa chini mbele ya fuawe ndogo iliyopigiliwa katika gogo au jiwe, wakaugonga ukingo ukiwa baridi, kidogo kidogo kutoka shina mpaka ncha, hata chuma kikatandazika kikawa chembamba upya. Ilhali Waingereza, ambao miundu yao ilikuwa ya feleji ngumu zaidi, waliipeleka kwenye cherehe ikasuguliwa. Rai yangu ni kwamba njia ya nyundo ilikuwa na hekima kubwa zaidi, kwa kuwa haipotezi chuma bali hukisogeza tu, wala haikitii moto. Lakini inataka mkono uliofundishwa tangu utotoni, na pigo moja la pupa huufanya ukingo uwe na mawimbi ambayo hayatoki tena. Huko Micheldorf, katika Austria ya Juu, tangu mwishoni mwa karne ya 16 nyundo kubwa zilizoendeshwa kwa nguvu ya maji ziliitandaza miundu hiyo kabla haijafika kwa mkulima, ikauzwa mbali mpaka Urusi.

Kwa upande wa Uingereza, mji wa makali ulikuwa Sheffield, na hapo hatuna budi kutua, maana huko thamani ya kunoa ilihesabiwa kwa uhai wa watu. Sheffield ilibarikiwa mito mifupi iendayo kasi na mawe ya mchanga yafaayo kwa cherehe, kisha katika miaka ya 1740 Benjamin Huntsman akapata njia ya kuyeyusha feleji katika vyungu vya udongo, ikatoka safi na ya namna moja, isiyo na sehemu laini wala sehemu kavu. Kiwanda cha Abbeydale, kando ya mto Sheaf, kilifanya miundu ya nyasi na vyombo vingine vya shamba kwa feleji iliyoyeyushwa hapo hapo, na magurudumu manne ya maji yaliendesha nyundo, mivukuto, mashine ya kutobolea na cherehe. Jamaa wa Tyzack walikipanga mwaka 1849 wakafanya kazi humo hata mwaka 1933, na leo majengo yamehifadhiwa ili watu wayatazame.

Katika nyumba za kunolea fundi alikaa juu ya kiti cha mbao mithili ya mpanda farasi, cherehe ikizunguka mbele yake ndani ya hori, akaukandamiza mundu kwa uzito wa mwili wake wote. Cherehe kubwa zilipopata ufa usioonekana zilipasuka ghafla, na vipande vyake vilitosha kuvunja dari na mtu pamoja. Lakini adui aliyewaua wengi hakuwa na kishindo: lilikuwa ni vumbi la jiwe. Wale walionoa kwa maji, na wanoaji wa miundu walikuwa miongoni mwao, walipata nafuu, kwa sababu maji yalilishika vumbi. Bali wale walionoa pakavu, kama wanoaji wa nyuma za kulia na wa sindano, walilivuta kifuani kila siku tangu wakiwa watoto, wakapatwa na kikohozi na upungufu wa pumzi, na wengi wao hawakufika umri wa miaka 40. Daktari George Calvert Holland wa mji huo aliandika kitabu mwaka 1843 juu ya maradhi hayo ya mapafu, akayaeleza waziwazi, na njia ya kuyapunguza, yaani feni za kuvuta vumbi, ilikwisha julikana. Hata hivyo miaka mingi ilipita kabla ya sheria kuwalazimisha wenye nyumba za kunolea. Haifai kuusifu ufundi wa Sheffield bila ya kuwataja watu hao, kwa maana makali yaliyokwenda mashambani duniani kote yalipitia vifuani mwao. Nafuu kubwa ilikuja baadaye kwa njia ambayo hakuna aliyeitazamia: mwaka 1893 Edward Acheson wa Marekani alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake wa mawe ya kutengenezwa, yaliyopikwa kwa umeme kutokana na mchanga na makaa, magumu kuliko jiwe lolote la mchanga; na kwa kadiri mawe hayo na mengine ya namna hiyo yalivyoingia viwandani, ndivyo lile vumbi la kuua lilivyopungua.

Wakati huo mundu wenyewe ulikuwa umekwisha pata washindani. Mwaka 1830 Edwin Budding wa Thrupp, karibu na Stroud, alitazama mashine ya kukatia manyoya ya juu ya kitambaa cha sufu, akawaza kuwa visu vilivyojiviringisha juu ya pipa vyaweza kukata nyasi za bustani vikikutana na kisu kimoja kilicholala chini. Na mwaka uliofuata Cyrus McCormick alijaribu mashine yake ya kuvunia katika Virginia, huku Obed Hussey akimtangulia kupata hati mwaka 1833. Zote hizi zilikuwa njia ya mkasi. Faida yake ilikuwa dhahiri, nayo gharama yake ilimwangukia mnoaji: hakuweza tena kusimama shambani na noo mfukoni, bali alilazimika kuung'oa upau mrefu wenye meno ya pembetatu, kila jino limepigiliwa ribiti, akaupeleka kwenye cherehe na kulinoa jino moja baada ya jingine kwa mteremko ule ule, na lililovunjika akalikata ribiti na kulibadilisha. Mashine ya Budding ilitaka zaidi ya hayo, kwani visu vyake havikunolewa kimoja kimoja, bali pipa zima lilizungushwa kinyumenyume likiwa limepakwa vumbi kali lililochanganywa na mafuta, mpaka kila kisu kikapatana na mwenzake wa chini. Na mkasi, uwe mdogo au mkubwa, haupendi jiwe. Kokoto moja ikiingia baina ya vyuma viwili, kazi ya asubuhi nzima ya mnoaji huharibika mara moja.

Kwa hiyo watu waliokata nyasi penye mawe, vichaka, mabua na kingo za barabara walihitaji njia ya tatu, nayo ilikomaa baada ya Vita Kuu ya Pili, hasa katika miaka ya 1950, trekta zilipokuwa na nguvu ya kutosha. Fikira yake ilikuwa ya kale. Wakulima wa Ulaya walipura ngano kwa fimbo mbili zilizounganishwa kwa kamba ya ngozi, moja ikishikwa mkononi na ya pili ikiruka huru. Na vinu vya kusagia chakula cha mifugo vilikuwa na nyundo zilizoning'inia juu ya pini, zikinyooka kwa mwendo wa mhimili. Mashine mpya ya kufyekea iliulaza mhimili huo juu ya ardhi, ikauvika makumi ya visu vidogo vinavyoning'inia, vingine bapa na vyenye mikunjo miwili inayotazamana, vingine vizito kama nyundo kwa ajili ya miti midogo. Kisu kikikutana na jiwe hurudi nyuma badala ya kuvunjika, kisha mwendo hukinyoosha tena.

Hapo ndipo amali ya mnoaji ilipopata mageuzi makubwa kuliko yote yaliyotangulia, kwa kuwa katika mashine hii makali si sultani tena. Mwenye amri ni mizani. Chukua mhimili ambao visu vyake, vikinyooka, huchora duara yenye upana wa sentimita 45, nao uzunguke mara 2,000 kwa dakika: ncha za visu zitakwenda kiasi cha mita 47 kwa sekunde, na kila kitu kilichoko kwenye ncha hizo kitavuta kwenda nje kwa nguvu iushindayo uzito wake mara 1,000. Basi fundi akinoa kwa bidii kisu kimoja mpaka kikapungukiwa na gramu 50 katika ncha yake, na mwenzake wa upande wa pili akamwacha kama alivyo, amezua mvuto wa kilo 50 usio na wa kuujibu, nao utazipiga beringi zaidi ya mara 33 kila sekunde, hata zipate moto, bolti zilegee na bodi ipasuke. Bidii yake imekuwa hasara. Hii ndiyo sababu visu hubadilishwa jozi kwa jozi, vinavyokabiliana, wala havichanganywi vipya na vilivyolika; na fundi mwadilifu huvipima kwenye mizani ya dukani kabla ya kuvirudisha.

Wala makali yenyewe hayatakiwi kuwa ya wembe. Ukingo mwembamba mno, ukijipiga kwenye udongo na kokoto kwa mwendo ule, hujikunja au kumeguka katika saa ya kwanza, ilhali ukingo mnene kiasi hudumu siku nyingi. Kwa hiyo hunolewa upande wenye mteremko tu, kwa kufuata mteremko wa kiwandani, na maji yawe karibu, maana chuma kikigeuka rangi ya buluu juu ya cherehe kimekwisha poteza ugumu wake. Visu vingi hugeuzwa, upande uliolala ukapewa zamu yake, na kwa hivyo kunoa huahirishwa mara moja zaidi. Tundu la bolti likiliwa likawa yai, kisu hicho kimekwisha hata kama makali yake yangali yanang'aa, kwa sababu kikichomoka hakuna awezaye kukidaka. Na mtu asiingize mkono humo kabla ya kuzima trekta, kuichomoa shafti na kuisimamisha mashine juu ya magogo imara. Jeki peke yake isiaminiwe.

Kwetu Afrika ya Mashariki miundu mirefu ya Ulaya haikupata makao, kwa sababu ng'ombe wetu hawakuhitaji kuwekewa majani ya msimu wa theluji. Lakini maarifa ya chuma hayakuwa mageni. Al-Idrisi, aliyekamilisha jiografia yake mwaka 1154 katika baraza la mfalme Roger wa Sicily, alikitaja chuma cha Malindi na Sofala kilichovuka bahari mpaka Bara Hindi kikafuliwa panga huko. Nao wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery walionyesha mwaka 1978 ya kuwa wahunzi wa Buhaya walipata chuma cha pua katika tanuri zao zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Fyekeo la leo, lile la bapa lililopinda ncha, hunolewa kwa tupa na kukata kwa kasi ya mkono, kwa hiyo lina nasaba na ile njia ya tatu. Na ipo nasaba iliyo karibu zaidi. Mashine ya kusagia unga, ambayo huvuma katika vijiji vyetu tangu asubuhi, ndani yake mna nyundo bapa zinazoning'inia juu ya pini. Pembe moja ikilika fundi huigeuza nyundo apate pembe ya pili, ya tatu na ya nne, na zikimalizika hubadilisha zote pamoja, la sivyo mashine hutetemeka hata chekeche ikapasuka. Fundi huyo akiletewa mashine ya kufyekea ya visu vya kuning'inia, nusu ya elimu yake anayo tayari, tena ile nusu iliyo ngumu, na lililobaki la kufundishwa ni namna ya kuulinda mteremko wa kisu juu ya cherehe, jambo ambalo mtu mwenye subira hulijua kwa juma moja.