Umiliki wa Magazeti na Ukimya wa Habari za Uchaguzi Isiolo

Wanaochunguza umiliki wa magazeti nchini Kenya wamezoea kuuliza mwenye gazeti anamuunga mkono nani. Swali hilo lina msingi. Chama tawala cha wakati huo, KANU, kilinunua gazeti la Nairobi Times mwaka 1983, likawa Kenya Times, sauti ya chama. The People lilianzishwa na Kenneth Matiba, mwanasiasa wa upinzani. Leo ni People Daily, chini ya Mediamax, kampuni inayohusishwa na familia ya Kenyatta. The Standard nalo linahusishwa na familia ya Moi. Katika uchaguzi wa urais wa mwaka 2022 Uhuru Kenyatta na Gideon Moi walikuwa upande wa Raila Odinga, na kambi ya William Ruto ililalamika hadharani kwamba vyombo vikubwa vinaegemea upande mmoja. Hata hivyo, Ruto alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.49.

Katika Kaunti ya Isiolo, swali hilo halitufikishi mbali. Godana Doyo alichaguliwa gavana mwaka 2013 kwa tikiti ya URP, Mohamed Kuti mwaka 2017 akiwa mgombea huru, na Abdi Guyo mwaka 2022 kwa Jubilee. Anayetafuta maana ya matokeo hayo katika uhasama wa kambi za Nairobi hataipata. Ataikaribia akifuatilia maafikiano ya wazee, mgawanyo wa viti baina ya Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wameru na Wasomali, pamoja na malisho, maji na mzozo wa mpaka na Meru.

Kwa nini basi mambo haya hayaandikwi kwa kina? Hoja yangu ni kwamba umiliki hufanya kazi kubwa zaidi kupitia bajeti kuliko kupitia simu ya mwenye gazeti kwa mhariri. Gazeti la biashara huweka waandishi wake walipo watangazaji na wanunuzi. Kaunti kama Isiolo huachiwa waandishi wa mashinani ambao wengi wao hulipwa kwa habari iliyochapishwa tu. Mwandishi huyo hujua upesi mhariri anataka nini: mapigano, wizi wa mifugo, ukame, ziara ya mgombea urais. Akienda Sericho au Oldonyiro kuwasikiliza wapigakura wa wadi, huenda nauli ikazidi malipo. Hakuna aliyemkataza kwenda, na ndiyo maana upendeleo huu ni mgumu kuuthibitisha.

Tena serikali za kaunti ni wateja wa matangazo wa magazeti yaleyale yanayopaswa kuzikagua. Gavana anayetetea kiti chake hushika pia hundi. Kifungu cha 34 cha Katiba ya 2010 kinaizuia dola kuingilia vyombo vya habari. Shinikizo la mteja hakiligusi.

Yupo atakayesema redio huziba pengo. Ni kweli, redio za Kiborana na Kiswahili huwafikia wenyeji. Lakini maseneta na maofisa wa Hazina husoma magazeti. Julai 2025, hoja ya kumwondoa Guyo ilipofika Seneti, ilikwamia hapa: je, kikao cha bunge la kaunti kilichodaiwa kuipitisha kilifanyika kweli? Swali la namna hiyo linahitaji mwandishi wa kudumu mjini Isiolo, anayelipwa mshahara hata siku ambayo hakuna damu iliyomwagika, na wamiliki wanaweza kumgharimia.