Udhihirikaji Sambamba wa Jeni: Historia ya Wazo na Istilahi Yake

Mwaka 1909 Wilhelm Johannsen, mtaalamu wa mimea wa Denmark, alipobuni neno ambalo sisi twaliita jeni, alitaka liwe fupi na lisifungwe na nadharia yoyote. Busara hiyo yamfaa kila mfasiri wa sayansi, kwani istilahi ikidai zaidi ya yaliyothibitishwa humpotosha msomaji tangu mwanzo.

Mwaka 1961 Wafaransa François Jacob na Jacques Monod walieleza jinsi jeni za bakteria zinazohusika na sukari ya maziwa zinavyoamshwa na kuzimwa kwa pamoja. Ikabaki kazi ya kuzitazama jeni nyingi kwa mara moja. Njia ilifunguka mwaka 1995, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipoeleza kipande cha kioo chenye vitone vya DNA ambacho hupima utendaji wa jeni nyingi pamoja. Mwaka 1998 Michael Eisen na wenzake walizipanga jeni za hamira kufuatana na kupanda na kushuka kwa vipimo vyake, wakaona kuwa zenye kazi zinazofanana huelekea kukaa kundi moja. Mwaka 2003 Joshua Stuart na wenzake walikusanya vipimo 3,182 vya binadamu, nzi, minyoo na hamira, wakaunganisha jeni zinazokwenda sambamba katika viumbe hivyo. Huo ndio mtandao: kila jeni ni fundo, na kila uzi ni ulinganifu wa vipimo.

Basi tuuiteje? Neno "kujieleza" huipa jeni mdomo isiokuwa nao. "Ushirikiano" lina hatari kubwa zaidi. Watu wawili wafikao sokoni saa ile ile kila siku si lazima wawe washirika. Huenda wameshuka basi moja. Vivyo hivyo, jeni mbili zaweza kupanda na kushuka pamoja kwa kuamriwa na kitu cha tatu. Mtandao huonyesha mahali pa kuchunguza. Peke yake hauthibitishi sababu. Mtumishi wa serikali asomaye taarifa ya maradhi, akikuta "ushirikiano", ataamini kuwa chanzo kimekwisha patikana.

Kwa hiyo twapendekeza "mtandao wa udhihirikaji sambamba wa jeni". Istilahi hii ni ndefu, na walimu watahitaji kuifafanua. Lakini haidai lisilojulikana.